Vitenzi Visaidizi vya Kijapani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wetu tunajifunza Kijapani kupitia vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tunabeba mizigo miwili kwa mpigo: Kijapani chenyewe, na matatizo ya Mwingereza anayejifunza Kijapani. Kwenye vitenzi visaidizi mzigo huu wa pili mara nyingi si wetu. Mambo kadhaa yanayomtoa jasho mtu wa Kiingereza, Mswahili anayasema kila siku bila kufikiri. Majibu yafuatayo yanapitia Kiswahili moja kwa moja, na pale ambapo Kiswahili kinapotosha, nimesema.

Kitenzi kisaidizi cha Kijapani ni kipi hasa?

Viko vya aina mbili, na sarufi ya shuleni Japani inavipa majina tofauti. Vya kwanza huitwa *hojo dōshi*. Hivi ni vitenzi kamili vinavyojitegemea, lakini vikikaa nyuma ya kitenzi kingine chenye umbo la -te, maana yake ya asili hufifia. *Miru* ni kuona. *Tabete miru* ni kula ili ujue ladha. *Oku* ni kuweka. *Katte oku* ni kununua mapema. *Shimau* ni kuhifadhi au kufunga kazi. *Wasurete shimau* ni kusahau, tena kwa majuto.

Aina ya pili ni *jodōshi*: viambishi visivyoweza kusimama peke yake, kama -nai ya kukanusha, -tai ya kutaka, -ta ya wakati uliopita, -masu ya heshima, -rareru ya kutendwa na -saseru ya kutendesha. Mgawanyo huu unatokana na sarufi inayohusishwa na mwanaisimu Hashimoto Shinkichi (1882–1945). Vitabu vya wageni hauvishughulishi sana, navyo vina haki yao, ila ukifungua kamusi ya Kijapani kwa Kijapani utakutana na maneno hayo mawili, kwa hiyo ni vizuri kuyatambua.

Umbo la -te linaundwaje? Nimechoka kulikariri.

Likariri tu, hakuna njia ya mkato. Vitenzi vinavyoishia -u, -tsu na -ru (vya kundi la kwanza) hupata -tte: *kau* inakuwa *katte*, *matsu* inakuwa *matte*. Vya -mu, -bu na -nu hupata -nde: *yomu*, *yonde*. Vya -ku hupata -ite na vya -gu hupata -ide, isipokuwa *iku* (kwenda) ambacho huwa *itte*. Vya -su hupata -shite. Vya kundi la pili, kama *taberu*, hudondosha -ru na kupokea -te: *tabete*. *Suru* ni *shite*, *kuru* ni *kite*. Basi. Mpaka haya yakutoke mdomoni bila kusita, sehemu kubwa ya ukurasa huu itakuwa nadharia tu kwako.

Kitabu kinasema -te iru ni kitendo kinachoendelea. Mbona *shinde iru* si "anakufa"?

Kwa sababu kitabu kimekupa nusu ya habari. -te iru inafanya kazi mbili, na kinachoamua ni aina ya kitenzi.

Kitenzi kikiwa cha kitendo kinachochukua muda, kama kula, kusoma au kukimbia, -te iru ni -na-: *tabete iru*, anakula. Lakini kitenzi kikiwa cha badiliko, yaani mtu anatoka hali moja na kuingia nyingine, -te iru hueleza hali iliyobaki baada ya badiliko hilo. Na hapo Kiswahili kinakaa sawia, maana sisi tunatumia -me- kwa kazi hiyohiyo:

*suwatte iru*: amekaa
*tatte iru*: amesimama
*nete iru*: amelala
*megane o kakete iru*: amevaa miwani
*kekkon shite iru*: ameoa, au ameolewa
*shinde iru*: amekufa

Ukimwona mtu kitandani macho yamefumba husemi "analala", unasema "amelala". Mjapani naye atasema *nete iru*. Ukimweleza habari ya jana, "alikuwa amelala" ni *nete ita*. Samaki aliyeelea juu ya maji bila kupumua ni *shinde iru*. Kama bado anatapatapa, hilo umbo halimfai.

Sasa angalia mtego mkubwa: *Chichi wa Tokyo ni itte imasu*. Anayepitia Kiingereza husikia baba yuko njiani. Siyo. Baba amekwenda Tokyo, na yuko huko. Vivyo hivyo *Tanaka-san ga kite iru* ni "Tanaka amekuja", yaani yupo hapa sasa hivi.

Kuna vichache vinavyokwenda kinyume na ramani hii. *Nairobi ni sunde imasu* tunasema "ninaishi Nairobi", kwa -na-. *Shitte iru* ni "anajua", lakini kukanusha kwake ni *shiranai* au *shirimasen*. Ukisema *shitte inai* kujibu swali la kawaida watakuelewa, ila watajua wewe ni mgeni.

Na "nimekula"? Hiyo si -te iru?

Hapana. "Nimekula" ni *tabeta*, na "nimeshakula" ni *mō tabeta*. Hapa -me- inasema kazi imekwisha tu; haichori hali unayoweza kuiona mtu akiwa nayo. Jiulize: ninaeleza anavyoonekana sasa, au alichomaliza? Jibu la kwanza lina -te iru, la pili lina -ta.

Kwenye ukanushi tumependelewa zaidi. "Bado sijala" ni *mada tabete inai*. "Sikula" ni *tabenakatta*. Tofauti ya -ja- na -ku- ndiyo hiyohiyo. Ukiulizwa *Mō tabemashita ka* nawe bado unatarajia kula, usijibu *tabemasen deshita*, kwa sababu umesema "sikula" na hakuna atakayekuletea sahani.

*Aite iru* na *akete aru* zote zimetafsiriwa "dirisha liko wazi". Zinatofautianaje?

Rudi kwenye kauli za vitenzi ulizosoma darasani. Kijapani kina jozi nyingi za vitenzi kama *aku* na *akeru*, ambazo ni funguka na fungua; *kowareru* na *kowasu*, vunjika na vunja; *shimaru* na *shimeru*, fungika na funga. *Mado ga aite iru* inatumia funguka: dirisha limefunguka, habari ya nani kalifungua haipo. *Mado ga akete aru* inatumia fungua pamoja na *aru*: dirisha limefunguliwa, na yupo mtu aliyelifungua kwa sababu fulani, labda hewa iingie. Mtu huyo hatajwi, lakini makusudi yake yamo ndani ya *aru*.

-te aru kwa kawaida inahitaji kitenzi chenye mtendewa. *Kowarete aru* haipo.

-te oku ni nini?

Kufanya jambo mapema kwa ajili ya baadaye: *kippu o katte oku*, kununua tiketi kabisa kabla ya siku, *mizu o hiyashite oku*, kutia maji kwenye friji wageni wasije wakayakuta ya moto. Pia ni kuacha kitu kama kilivyo: *akete oite kudasai*, liache wazi. Mdomoni hukatwa kuwa -toku: *kattoku*, *hiyashitoku*.

Kwa nini Wajapani wanasema -te shimau hata pale ambapo hakuna kilichokwisha?

Maana ya kumaliza ipo: *Yonde shimatta*, nimeshakisoma chote. *Shukudai o yatte shimaō*, tuimalize kabisa kazi ya nyumbani. Lakini kila siku utaisikia zaidi kwa ajili ya jambo lisilorudishika, ambalo msemaji hakulitaka au analionea aibu. *Densha ni kasa o wasurete shimatta*: nimesahau mwavuli kwenye treni, ndiyo imeshakuwa. *Okurete shimatte sumimasen*: samahani, nimechelewa. Ukisema *okuremashita* peke yake umetoa taarifa. *Shimau* inaonyesha kwamba jambo lenyewe limekukera pia wewe.

Kiswahili tunabebesha hisia hiyo sauti, "jamani" na "lo!". Kijapani kimeiweka ndani ya kitenzi. Katika mazungumzo -te shimau huwa -chau na -de shimau huwa -jau: *tabechatta*, *nonjatta*. Mtoto aliyemaliza keki ya wageni atasema *zenbu tabechatta*, na mama atajua kwa kiambishi hicho kwamba mtoto anajua alichofanya.

"Jaribu" ni -te miru?

Wakati mwingine. Kiswahili kina njia nzuri ya kulitenga hili: neno "uone". "Onja uone" ni *tabete mite*. "Hebu vaa uone" ni *kite mite*. Kitendo kinafanyika kweli. Kinachotafutwa ni matokeo yake. Lakini "nilijaribu kufungua, halikufunguka" hakuna "kuona" hapo, ni jitihada iliyogonga mwamba, na Kijapani chake ni *akeyō to shita ga, akanakatta*. Ukisema *akete mita*, msikilizaji anaelewa kwamba ulilifungua na sasa anasubiri umwambie ulikuta nini.

Ageru, kureru, morau: kuna mtu anaweza kunieleza mara moja nikaelewa?

Tuchukue sentensi tatu za Kiswahili:

Nilimnunulia kitabu: *hon o katte ageta*
Alininunulia kitabu: *hon o katte kureta*
Nilinunuliwa kitabu: *hon o katte moratta*

Hiyo -li- katika *nunulia*, yaani kauli ya kutendea, ndiyo kazi ya vitenzi hivi vitatu. Tofauti ni mahali pa kuwataja wahusika. Sisi tuna ni-, u-, m- zinazoonyesha nani kamtendea nani. Kijapani hakina viambishi hivyo, na mara nyingi hakitaji mtu kabisa, kwa hiyo uelekeo wa fadhila unabebwa na uchaguzi wa kitenzi. *Ageru* inatoka kwangu au upande wangu kwenda nje. *Kureru* inaingia kwangu, na "mimi" inajumuisha watu wangu: aliyemsaidia mdogo wangu naye ni *tetsudatte kureta*. *Morau* inaingia kwangu pia, lakini mimi ndiye ninayesimuliwa, na aliyetenda hupewa neno dogo *ni* nyuma ya jina lake: *Tanaka-san ni katte moratta*.

Kwa hiyo *kureru* katika sentensi kama hizi si pambo la adabu unaloweza kuliacha. *Tanaka-san ga hon o katta* ni "Tanaka alinunua kitabu", na wewe hujaonekana popote. Ukiongeza *watashi ni* kwa nguvu bila *kureru*, sentensi inakuwa kavu, kana kwamba hukushukuru.

Kuna mahali Kiswahili kinatuponza. "Mwalimu, nikubebee mkoba?" ni adabu njema kwetu. Ukiigeuza kuwa *Sensei, kaban o motte agemashō ka* umemtangazia mkubwa wako kwamba unamfanyia hisani. Sema *omochi shimashō ka*. *-te ageru* ibaki kwa marafiki, wadogo na watoto, na hata kwa marafiki usiitaje sana mbele yao.

Kwa kuomba, ngazi zinapanda hivi: *akete kudasai*, *akete kuremasen ka*, *akete itadakemasen ka*. *Kudasaru* ni *kureru* ya heshima, na *itadaku* ni *morau* ya unyenyekevu, kwa hiyo ukishaelewa mzunguko wa fadhila hapo juu, adabu haikuongezei sarufi mpya.

-te iku na -te kuru zinahusu mwendo tu?

Zinaanza na mwendo. *Motte iku* ni peleka, *motte kuru* ni leta. *Pan o katte kuru* ni "ninakwenda kununua mkate", lakini kurudi kumo ndani yake. Ndiyo maana mtu akitoka nyumbani husema *itte kimasu*, nakwenda na nitarudi.

Kisha mwendo unageuka wakati. *Ame ga futte kita*, mvua imeanza kunyesha. *Samuku natte kita*, baridi imeanza kuingia. *Fuete iku*, itazidi kuongezeka kuanzia sasa. Na kuna matumizi ya tatu ambayo vitabu huyapitia haraka: *Tomodachi ga denwa o kakete kita*, rafiki alinipigia simu. *Kuru* hapo inafanya kazi ya ni-. Ukitumia *kureru* badala yake, simu hiyo imekuwa fadhila. Wakala wa mauzo aliyekusumbua saa ya chakula ni *kakete kita*, hawezi kuwa *kakete kureta*.

Kutendwa kwa "madhara": nimesoma maelezo kurasa tatu na bado sielewi.

Funga kitabu. Unasemaje kwa Kiswahili baba yako akifariki? Nimefiwa na baba. Kijapani: *chichi ni shinareta*. Mvua ikikukuta njiani? Nimenyeshewa na mvua: *ame ni furareta*. Mwizi akichukua pochi? Nimeibiwa pochi: *saifu o nusumareta*.

Kufa na kunyesha havina mtendewa, kwa hiyo mtu wa Kiingereza anashangaa vinawezaje kuwekwa katika kauli ya kutendwa. Sisi tunapitia kutendea kwanza, kisha kutendwa: *fa, fia, fiwa*. Kijapani hakihitaji hatua ya kati. -Rareru inafanya yote mawili. Zingatia pia kwamba *saifu* imebaki na *o* yake, alama ya mtendewa, kama vile "pochi" inavyobaki mahali pake katika "nimeibiwa pochi". Aliyeumia ndiye kiini cha sentensi, na kilichoibwa kinabaki kuwa kilichoibwa.

Tofauti moja. Kiswahili hakidai kwamba kila kutendewa ni balaa. Mtu anaweza kupikiwa, kuimbiwa, kuombewa. Kwa kitenzi kisicho na mtendewa, Kijapani hukisoma -rareru kama kero. *Kodomo ni nakareta* ni mtoto alilia na mimi nikapata taabu, labda sikulala. Mtu akikupikia chakula kitamu, usithubutu -rareru. Hapo ni *tsukutte moratta*. Kwa vitenzi vyenye mtendewa, -rareru ya kawaida kama "nyumba ilijengwa" haina lawama yoyote.

Na -saseru?

Ni kutendesha: *nakaseru*, liza, *warawaseru*, chekesha, *nomaseru*, nywesha, *tabesaseru*, lisha. Muktadha ndio unaoamua kama mtu amelazimishwa au ameruhusiwa. Matumizi ya ruhusa ndiyo yaliyozaa *sasete itadakimasu*, maneno utakayoyasikia kila kona ya Japani. Dukani wakibandika *honjitsu kyūgyō sasete itadakimasu*, wanasema leo tumefunga, lakini kwa maneno yanayodai kwamba ninyi wateja ndio mliotupa ruhusa. Hakuna aliyewauliza, bila shaka.

Vikirundikana vinafuatana vipi?

Kitenzi, kutendesha, kutendwa, kisha kutaka, ukanushi, na wakati mwishoni. Chukua *tabe-sase-rare-taku-nakat-ta*: sikutaka kulishwa, au kulazimishwa kula. Katika *ku-l-ish-w-a*, kutendesha kunatangulia kutendwa, sawa na *sase-rare*. Kukanusha, wakati na kutaka sisi tunavipanga mbele, wao nyuma. Kwa hiyo sikiliza Kijapani hadi mwisho; mtu anaweza kumaliza sentensi ndefu na kuigeuza yote kwa *-nai*.

"Anataka kwenda" si *ikitai*?

Ni *ikitai* kama anayetaka ni wewe, au unapomuuliza mtu. Kwa mtu wa tatu, Kijapani kinaona huwezi kuingia moyoni mwake, kwa hiyo unasema anaonyesha kutaka: *ikitagatte iru*. Au unaripoti: *ikitai to itte iru*, anasema anataka kwenda. Tahadhari hiyohiyo ya chanzo cha habari iko kwenye *furisō da* (nikitazama mawingu, itanyesha) na *furu sō da* (wamesema itanyesha). Herufi moja tu, shahidi tofauti.

Kwa nini vitenzi visaidizi huandikwa kwa hiragana?

Ili jicho litofautishe. Hiragana ni herufi za silabi, kanji ni alama zenye asili ya Kichina. 見てみる, *mite miru*: kanji ni ya kuangalia kweli, hiragana ni ya "uone". 置いておいて, *oite oite*, inatumia kitenzi kilekile mara mbili: weka, na acha hapohapo. Mwongozo wa serikali wa maandishi ya ofisi unaelekeza hivyo pia, ndiyo maana "nipe" inaweza kuandikwa 下さい lakini "tafadhali fanya" ni ～てください. Kwenye barua za watu binafsi utakuta kanji pote. Usiige.

Nianze na vipi kama ninajiandaa na mtihani?

JLPT, mtihani wa kimataifa wa kupima uwezo wa Kijapani, unaofanyika pia Nairobi, ulianza 1984 na tangu 2010 una ngazi 5, kutoka N5 hadi N1. Waandaaji hawatoi orodha rasmi ya sarufi ya kila ngazi, lakini vitabu vinakubaliana kwa sehemu kubwa: -te iru, -te kudasai na -tai ni vya N5, karibu vingine vyote vya ukurasa huu ni N4. Ningeanza na -te iru pamoja na -ta, kisha *kureru* na *morau*, maana bila hivyo huwezi kusimulia siku yako. Masomo ya redio ya NHK World, idhaa ya kimataifa ya shirika la utangazaji la Japani, yanapatikana kwa Kiswahili na ni ya bure. Yatumie kwa ajili ya masikio zaidi kuliko sarufi. Mtihani wenyewe hauna sehemu ya kuzungumza, kwa hiyo cheti si kipimo cha ulimi.

Nimefika Kyushu, kisiwa cha kusini-magharibi mwa Japani, na watu wanasema -yoru na -toru. Hii ni nini tena?

Hii ni zawadi. Kijapani sanifu kinalazimisha *futte iru* kubeba kunyesha kunakoendelea na mvua iliyokwisha kunyesha. Sehemu nyingi za magharibi, Shikoku na Kyushu zikiwemo, hutenganisha: *ame ga furiyoru*, mvua inanyesha; *ame ga futtoru*, mvua imenyesha, chini kumelowa. Matamshi hubadilika mji hadi mji, lakini ukiisikia -yoru weka -na-, na ukiisikia -toru jaribu kwanza -me-.